Kabla ya kuelekea Luapula: jinsi ya kuandaa safari fupi ya umisheni ya vijana wa kanisa

Mtu akiniuliza safari ya umisheni ya vijana huanzia wapi, humjibu kwamba huanzia kwenye barua, nayo si barua ya kuomba fedha wala ya kutafuta gari, bali ni barua ya kuliuliza kanisa litakalotupokea kama linatutaka, linatutaka lini, na lingependa tufanye nini tukifika. Mengine yote ambayo nitayaeleza hapa, tangu unga wa bukari (ugali) hadi dawa na karatasi za njiani, yanategemea majibu ya barua hiyo.

Nimeongoza vijana wa parokia yetu katika komini ya Kenya, ambayo ni sehemu ya jiji letu na si nchi ya Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, kwa miaka kadhaa, na kikundi chetu hwenda kila kiangazi katika vijiji vya teritori ya Kasenga, kando ya mto Luapula, kwa siku saba. Ninayemwandikia ni kiongozi ambaye amekabidhiwa safari yake ya kwanza na hajui ashike lipi kwanza. Naeleza njia ninayoifahamu. Anayeelekea Bunkeya, Mitwaba au Sakania atabadilisha umbali, lugha na hali ya barabara, lakini utaratibu wenyewe hautabadilika sana.

Safari yetu ya kwanza ilinifundisha kwa uchungu. Tulikuwa tumewaandikia wenyeji kwamba tutakuja watu kama kumi na watano, kisha katika juma la mwisho tukamkubalia kila mzazi aliyeomba mtoto wake aongezwe, tukafika thelathini na mmoja. Siku ya tatu, alfajiri, nilipita karibu na jiko la mama mchungaji aliyetupokea, nikamkuta akipima unga kwa kopo la maziwa: alijaza kopo, akaligonga mara mbili ukingoni mwa sufuria ili unga ushuke, kisha akachota kiganja kimoja na kukirudisha mfukoni. Mfuko wenyewe ulikuwa umeazimwa kwa jirani. Hakulalamika, wala hakuna mtu yeyote katika kijiji kile aliyelalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa maana nilielewa kwamba tungeweza kurudi mjini tukishangilia mikutano yetu bila kujua kwamba tulikuwa tumekula akiba ya watu.

Barua na ziara ya kwanza

Kiangazi chetu huanza karibu na Mei na kuendelea hadi Oktoba, na shule hufungwa mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo safari nyingi za vijana huangukia Julai na Agosti. Ukitaka kwenda Julai, barua yako iwe imefika Februari. Iandikwe na mchungaji wako kwa mchungaji mwenzake, si na kijana kwa kijana, na ipitie kwa mkuu wa wilaya ya kanisa lenu ikiwa madhehebu yenu yana ngazi hiyo. Isiwe na mpango uliokwisha kupangwa. Barua inayosema “tutafanya mikutano mitatu ya hadhara, tutapaka kanisa rangi, tutagawa nguo” imekwisha kumfunga mwenyeji mdomo, kwa kuwa mtu wa kijijini mwenye adabu hatakataa zawadi ya mgeni hata kama haihitaji. Uliza maswali machache ambayo yanajibika: ni juma gani ambalo watu hawako mashambani au katika uvuvi, ni watu wangapi wanaoweza kulala bila kuwafukuza wenye nyumba vitandani mwao, ni kazi gani ambayo kanisa lao limeianza na inahitaji mikono.

Jibu likikawia, subiri. Usilichukue simu moja ya haraka kuwa ndiyo ruhusa, kwa sababu mchungaji anayepigiwa simu na mtu wa mjini hujibu “karibuni” kwa heshima tu, kabla hajaketi na wazee wake.

Baada ya jibu, watu wawili au watatu waende kuona, na wakati mzuri ni Mei, mvua ikishakatika. Sisi humtuma kiongozi mmoja, mama mmoja na mtu anayejua magari. Mama huenda kwa sababu yeye ndiye atakayeuliza yale ambayo wanaume hawaulizi: wasichana watalala wapi na mlango wao unafungwaje, choo kiko umbali gani, maji yanatekwa wapi na kwa foleni ya muda gani. Hao watu wasalimie pia chifu wa kijiji na mwuguzi mkuu wa kituo cha afya, waone kama simu zinashika mtandao, na wapime njia kwa saa, si kwa kilomita. Kutoka Lubumbashi hadi Kasenga ni zaidi ya kilomita 200 tu, lakini ukipita Kasomeno, mahali ambapo njia ya Kasenga huachana na ile ya Kilwa na Pweto, utajifunza kwamba kilomita za huku hazilingani.

Naona vema vijana wakumbushwe hapa jinsi Injili ilivyofika katika nchi hii yetu. Mmisheni Frederick Stanley Arnot alipofika Bunkeya mwaka 1886, alifika kama mgeni wa mfalme Msiri, akakaa hapo karibu miaka miwili, na muda mwingi wa siku hizo hakuwa na mmisheni mwenzake. Alikula kwa sababu Msiri na watu wake waliruhusu ale, akajenga mahali alipoonyeshwa. Sisi tunaokwenda kwa siku saba, tukiwa na simu mfukoni na gari likitusubiri, tuna sababu kubwa zaidi ya kukumbuka kwamba sisi ndio wageni.

Kazi ichaguliwe na wenyeji

Mwaka mmoja tulitamani sana kufanya mikutano ya jioni yenye vipaza sauti. Wenyeji walipojibu barua yetu waliandika kwamba mahubiri wanayo, mchungaji wao anahubiri vizuri na kwa lugha yao. Walichokosa ni mtu wa kuwafundisha wanakwaya wao kusoma solfa, yaani noti za nyimbo, kwa sababu mwalimu wao wa zamani alikuwa amehamia mjini na nyimbo zilikuwa zikiimbwa kwa kukumbuka tu, sauti ya tatu ikipotea mwaka hadi mwaka. Vijana wetu kadhaa walivunjika moyo waliposikia hivyo. Lakini tuliwachukua wanakwaya wetu wanne wanaojua kusoma, wakaandaa masomo sita ya saa moja, na karatasi kubwa zilizoandikwa do, re, mi kwa kalamu nene ili zisomeke chini ya mwembe. Mikutano ya jioni tulihudhuria kama wasikilizaji. Hadi leo ile kwaya inasoma, na mmoja wa waliofundishwa siku zile ndiye sasa anayewafundisha wenzake.

Kazi ya mikono ni nzuri vilevile, mradi iwe ni sehemu ya kazi ambayo wenyeji wenyewe wameianza. Kiangazi ni majira ya kufyatua na kuchoma matofali, na vijana ishirini wanaweza kubeba matofali mengi kutoka tanuri hadi kiwanjani kwa siku mbili. Usilete fundi kutoka mjini kufanya kazi ambayo fundi wa kijijini angelipwa kwayo; mlipeni yule wa pale, na vijana wawe vibarua wake. Na juu ya afya nasema bila kuzungukazunguka: kikundi cha vijana kisigawe vidonge. Ikiwa mnao wauguzi na mnataka kufanya kampeni ya afya, iombewe ruhusa kwa zoni ya afya, yaani ofisi inayosimamia afya ya eneo hilo, miezi kadhaa kabla, na ifanyike ndani ya kituo cha afya pamoja na wenye kituo.

Nani aende

Idadi huamuliwa na majibu ya wenyeji, na ikishaamuliwa isiongezeke hata mzee wa kanisa akija kukuomba nyumbani usiku. Kikundi chetu sasa ni watu 24, wakiwemo viongozi wanne, na kati ya hao wanne wawili ni mke na mume wanaoheshimika. Tunahitaji angalau mwuguzi mmoja, mtu mmoja anayejua gari, na wawili wanaoizungumza lugha ya huko vizuri.

Tunawachagua vijana kwa kuwaangalia, na si kwa kuwahoji tu. Yule anayefika mapema kupanga viti na kuondoka akiwa wa mwisho atakuwa hivyohivyo kijijini. Yule anayeimba vizuri sana lakini hapokei maonyo ya mtu mzima atatuletea shida siku ya pili. Wazazi wasilipishwe kiasi kinachowazuia watoto wa maskini, maana mara nyingi hao ndio wanaojua kukaa kijijini.

Kwa aliye chini ya miaka 18 lazima uwe na barua ya mzazi yenye sahihi, namba ya simu yake na jina la mtu mwingine wa kuitwa asipopatikana. Nchi yetu ina sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, na kiongozi wa kanisa hana udhuru wa kutoijua. Inawahusu watoto mnaowapeleka, na inawahusu pia watoto mtakaowakuta. Kanuni zetu ni hizi: hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto mahali palipofungwa, hakuna kijana anayempeleka mtoto wa kijijini kutembea bila mzazi kujua, picha ya mtoto haipigwi wala haisambazwi kabla mzazi hajakubali. Tunazisoma kwa sauti, kila mmoja anatia sahihi, na anayezivunja hurudishwa nyumbani kwa gari la kwanza, awe mtoto wa nani.

Jumamosi kumi za mafunzo

Tunakutana Jumamosi kumi kuanzia Aprili. Asiyehudhuria angalau saba haendi. Tunaanza na kuisoma pamoja ile sura ya kumi ya Injili ya Luka ambamo wanafunzi wanatumwa wawili wawili, na kuzungumza juu ya jinsi walivyoambiwa wakae katika nyumba waliyopokewa na kula walichopewa. Vijana hushangaa jinsi maagizo mengi ya sura ile yanavyohusu adabu ya mgeni.

Kisha lugha. Wengi wa Luapula wanakielewa Kiswahili, lakini Kibemba ndicho kinachofungua uso wa bibi kizee. Kila kijana ajue kusema mwashibukeni asubuhi, mulishani anapokutana na mtu, na natotela anapopokea kitu, na ajue kupiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa huku amechuchumaa anapomsalimia mkubwa. Mambo haya yote tunayarudia kila Jumamosi hadi yatoke bila kufikiri.

Ushuhuda wa kila mmoja usizidi dakika tatu, na uwe wa mambo yaliyompata yeye mwenyewe. Tunawafundisha pia kuuliza na kunyamaza. Kijana wa mjini hupenda kueleza. Kijijini anahitaji kujua kumuuliza mvuvi habari za wavu wake na kusikiliza jibu lote, hata likichukua nusu saa.

Somo ambalo nalipa muda mrefu kuliko yote ni la ahadi. Kijana anapoona paa la kanisa linavuja, moyo wake humsukuma kusema, “Mwaka ujao tutaleta mabati.” Amesema kwa upendo, naye hana hata bati moja. Wenyeji wataliweka neno lile, watasubiri, pengine wataacha kukata nyasi za kuezekea kwa sababu mabati yanakuja. Kwa hiyo katika kikundi chetu hakuna anayeahidi kitu chochote, si fedha, si karo ya shule, si simu, si kurudi, na hata mimi kiongozi siahidi. Akiombwa, kijana hujibu kwamba atalifikisha neno hilo kwa wakubwa, na kweli analifikisha jioni hiyohiyo, nasi tunaliandika katika daftari. Tunalifanyia mazoezi: mmoja anaigiza mzee anayeomba, mwingine anajibu, na wengine wanaangalia kama jibu lina heshima na halina uongo. Vivyo hivyo kuhusu mapenzi. Tunawaambia vijana waziwazi kwamba uchumba hauanzishwi safarini, wala kati yao wenyewe wala na wa kijijini, kwa kuwa anayeondoka baada ya siku saba humwachia mwenzake maneno ya watu.

Fedha na chakula

Andika hesabu kabla ya kutafuta hata faranga moja. Iwe na gari na mafuta, chakula, dawa, uniti za simu, vifaa vya kazi, zawadi ya heshima kwa chifu na kwa kanisa, na akiba ya sehemu moja katika kumi ambayo haiguswi isipokuwa kwa jambo la ghafla. Fedha zishikwe na watu wawili, kila matumizi yaandikwe siku hiyohiyo, na risiti zibandikwe katika daftari. Vijana wetu hutafuta sehemu yao kwa kuosha magari na kuuza mikate ya mafuta baada ya ibada, na ninaona ni vema, kwa sababu anayeijua jasho ya fedha ile huitumia kwa uangalifu.

Chakula kihesabiwe kwa kilo. Mtu anayekula bukari mara mbili kwa siku humaliza karibu nusu kilo ya unga, hivyo watu 24 kwa siku 7 wanahitaji kilo 84. Nunua mifuko minne ya kilo 25, na zile kilo 16 zinazobaki zitaliwa pia, maana hamtakula peke yenu. Maharage makavu gramu 100 kwa mtu kwa siku yanakuwa karibu kilo 17. Ongeza mafuta, chumvi, sukari, chai na sabuni. Samaki, sombe (kisamvu), nyanya na makala (makaa ya kupikia) tunanunua palepale, ili fedha ibaki kijijini, lakini kwanza tunamwuliza mama mmoja wa pale bei ya kawaida ya soko, ili tusiwapandishie wenyeji bei ya chakula chao.

Vyote vikabidhiwe kwa akina mama wa kanisa siku ya kwanza, mbele ya wazee, kwa kuhesabu mfuko kwa mfuko. Usiwakabidhi kwa siri kana kwamba ni aibu. Na kazi ya jikoni igawanywe tangu mjini: kila siku vijana sita, wavulana na wasichana, wanateka maji, wanapasua kuni, wanasonga na kuosha vyombo. Wavulana wengine watasema kwamba hawajawahi kusonga bukari. Jumamosi kumi zinatosha kujifunza.

Afya

Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200. Bonde la Luapula liko chini zaidi, lina joto zaidi, na mbu wake ni wengi. Kila mtu awe na chandarua chenye dawa, na Jumamosi moja vyandarua vyote vifunguliwe uwanjani, vikaguliwe matundu, na kila kijana aonyeshe kwamba anaweza kukifunga kwa kamba mahali pasipo na misumari. Homa yoyote ipimwe kwenye kituo cha afya kabla ya kumeza dawa. Na jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: malaria huchukua kwa kawaida siku kumi hadi kumi na tano tangu mtu aumwe na mbu hadi homa ianze, kwa hiyo aliyekaa Luapula siku saba ataugua akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Tunawapa wazazi karatasi inayosema kwamba homa yoyote ndani ya majuma manne baada ya safari ipimwe siku hiyohiyo.

Kipindupindu kimezoea maeneo ya Luapula na ziwa Mweru, hivyo maji ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Lita tatu kwa mtu kwa siku ni lita 72 kwa watu 24, yaani bidoni nne za lita 20 zinazojazwa na kutayarishwa kila jioni kwa ajili ya kesho, chini ya mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo tu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na ndoo yenye bomba tunaibeba kutoka mjini.

Kila mmoja ajue kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Mwuguzi wetu huwafundisha uani kwa kanisa: lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mara ya kwanza, kijana mmoja alijaza kijiko hadi sukari ikasimama kama kichuguu. Mwuguzi akachukua kisu, akapitisha ubapa wake juu ya kijiko, sukari iliyozidi ikaanguka mezani, akamwambia aanze upya. Akarudia mara tano kwa watu watano, kwa sababu chumvi ikizidi inamdhuru mgonjwa. Mtu akiharisha majimaji meupe kama maji ya mchele, hasubiri asubuhi: anapelekwa kituo cha afya usiku huohuo huku akinyweshwa njiani.

Wazazi waeleze kwa maandishi magonjwa ya watoto wao, hasa pumu, kifafa na selimundu, ambayo hapa wengi huiita SS. Wengine huficha kwa kuogopa mtoto ataachwa. Tuwahakikishie kwamba tunataka kujua ili tuwe na dawa yake.

Mtoni hakuna kuoga. Luapula ina mamba, na maji yake ya pembeni yana kichocho. Ng’ambo yake ni Zambia; kijana akipanda mtumbwi kwenda kuona upande wa pili amevuka mpaka wa nchi bila karatasi, na kikundi kizima kitajibu.

Karatasi na barabara

Kanisa litoe hati ya safari ya kikundi, ile ambayo ofisini huitwa ordre de mission, yenye muhuri, tarehe, njia, namba ya gari na majina ya wote. Toa nakala kumi au zaidi, kwa sababu kwenye kila bariyeri (kizuizi cha barabarani) kuna atakayetaka kubaki na moja. Watu wazima wabebe kadi ya mpiga kura, wanafunzi kadi ya shule, na barua za wazazi ziwe katika bahasha moja mkononi mwa kiongozi. Mkifika, siku hiyohiyo mjitambulishe kwa msimamizi wa teritori au mwakilishi wake na kwa chifu, mkiongozwa na mchungaji mwenyeji. Yeye ndiye anayetutambulisha, sisi hatujitangulizi. Nguo zenye alama za chama cha siasa zibaki nyumbani. Askari, bariyeri, madaraja na migodi havipigwi picha.

Gari liwe na kiti kwa kila mtu. Sikubali kijana kukaa juu ya mizigo ya lori, hata kama ndiyo desturi ya barabara hii na hata kama bei ni nusu. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri ili giza lisiwakute njiani, mkiwa na gurudumu la akiba lililojaribiwa, jeki, na mafuta ya kutosha. Dereva alale usiku wa kabla ya safari. Mmoja wetu hulala kwake kuhakikisha. Bebeni faranga za noti ndogo, kwa kuwa wakala wa M-Pesa au Airtel Money hayupo kila kijiji, na dola iliyochanika hata kidogo haitapokewa.

Mizigo ni mfuko mmoja kwa mtu: blanketi, koti la alfajiri, viatu vilivyofungwa, tochi, sahani na kikombe, Biblia, kitenge kwa wasichana. Simu zikusanywe wakati wa ibada na kazi.

Ukisharudi

Ripoti ya kwanza tunaipeleka kwa waliotupokea. Tunaiandika ndani ya juma moja, pamoja na hesabu ya fedha yote, tunaituma kwa mchungaji mwenyeji na kumwomba asahihishe kabla haijasomwa mbele ya kanisa letu. Mwaka jana alifuta sentensi mbili. Tulikuwa tumeandika kwamba tumewajengea darasa la shule ya Jumapili. Akaandika pembeni kwa wino wa buluu kwamba kuta zilikuwa zimefika madirishani kabla hatujaja, na akataja majina ya akina baba watano waliozijenga. Tulisoma majina yote matano Jumapili iliyofuata.

Lile daftari la maombi yaliyoombwa na wenyeji hulipeleka kwa baraza la wazee, na kila ombi hupewa jibu, hata kama jibu ni hapana, nami hupiga simu kuwajulisha kabla ya mvua za Novemba kuifunga barabara.